Kundi la mazoezi na kile linachokihesabu

Jumatatu saa 1 asubuhi, kwenye kundi la mazoezi la WhatsApp, ujumbe unaingia: "Jamani nimepanda mzani, nimeongeza kilo moja na nusu. Wiki nzima nimejinyima. Naona niache tu." Hazipiti dakika tano majibu yamemiminika: mkono wenye msuli, moto, moyo mwekundu, "usikate tamaa mpendwa", "wewe ni shujaa", "Mungu yu pamoja nawe". Kisha mtu anatupia picha ya chai ya kukata tumbo, watu wanauliza bei, mazungumzo yamehama. Jumatano yule wa kilo moja na nusu yuko kimya. Mwezi ukiisha hayumo, au yumo kwa jina tu.

Hakuna aliyemvunja moyo. Wote walimtakia mema, na walimaanisha. Lakini ndani ya ujumbe wake mlikuwa na swali, nalo halikujibiwa: kwa nini nimejinyima na uzito umepanda? Asiyejibiwa swali hilo hujijibu mwenyewe, na jibu lake mara nyingi huwa "mwili wangu haukuumbiwa haya mambo".

Jibu lenyewe si gumu. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, akiba inayoitwa glikojeni, na kila gramu 1 ya glikojeni hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Mtu mzima hubeba gramu 400 hadi 500 za akiba hiyo. Aliyekata ugali na wali tangu Jumatatu ameimaliza sehemu kubwa, na maji yake yametoka nayo. Jumamosi akienda kwenye shughuli, akala sahani ya pilau na soda, akiba inajaa tena na maji yanarudi. Chumvi ya mchuzi nayo hushika maji. Mwanamke anayekaribia hedhi anaweza kubeba kilo nzima au zaidi ya maji yatakayoondoka yenyewe. Na chakula ambacho hakijapita chooni nacho kina uzito wake.

Sasa pigeni hesabu ya mafuta. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ni sawa na takriban kalori 7,700. Ili mtu aongeze kilo 1.5 ya mafuta, lazima ale kalori zaidi ya 11,000 juu ya zile anazozitumia kila siku. Hakuna harusi inayomlisha mtu hivyo. Kwa hiyo jibu la kumtuliza ni hili: "Dada, Jumamosi si ulikuwa kwenye shughuli? Hayo ni maji. Usipande mzani tena mpaka Ijumaa. Leo tembea dakika zako 30 kama kawaida, jioni utuambie." Ujumbe huo hauna moto wala moyo mwekundu, lakini umemwondolea hofu, umemwambia lini aangalie tena, na umempa kazi ya leo.

Ninachokiamini ni kwamba matumaini ya kundi hutokana na kile linachokihesabu na kile linachokijua. Maneno matamu huja baadaye, na yakija peke yake hayafiki mbali.

Angalia pia upande wa pili wa mzani huohuo. Wiki ya kwanza mtu anapungua kilo 3, kundi linalipuka kwa vifijo, anaitwa nyota wa wiki. Kilo zile nyingi ni maji yaleyale. Wiki ya tatu mzani umesimama, hakuna wa kumshangilia, na yeye mwenyewe anaona aibu kutuma namba. Kukata tamaa kwa wiki ya tatu kumeandaliwa na sherehe ya wiki ya kwanza. Mtu anayekwenda vizuri hupungua kati ya nusu kilo na kilo 1 kwa wiki, ilhali maji pekee huweza kuupandisha na kuushusha uzito kwa kilo 1 hadi 2 ndani ya siku moja. Kelele ni kubwa kuliko habari. Anayepima kila asubuhi na kuamua hali ya moyo wake kwa namba ile anaiachia chumvi ya jana impangie siku.

Wanaotaka kupima wapime kwa utaratibu: asubuhi, baada ya kutoka msalani, kabla ya kula, nguo nyepesi, mzani uleule, sakafu ngumu. Wachukue wastani wa wiki, waulinganishe na wastani wa wiki nne nyuma. Futi ya fundi cherehani ni msaada mzuri zaidi: ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, simama wima, pumua nje kawaida, soma bila kubana. Mara moja kwa mwezi inatosha. Na namba hizo zibaki kwenye daftari la mwenyewe, zisipelekwe kundini.

Najua kuna watakaosema kundi bila kilo halina raha, kwamba namba ndiyo inayoamsha watu. Huwaamsha walioshuka. Walio wengi, kwa wiki yoyote ile, hawajashuka au wamepanda kidogo, na hao ndio kundi linaundwa kwa ajili yao.

Kuna utafiti mdogo wa mwaka 1991 unaofaa kutajwa hapa. Wanasaikolojia Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walifuatilia wanawake 25 waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito. Waliokuwa na matarajio kwamba wataweza walipungua zaidi. Lakini waliokuwa na ndoto tamu za mchana, wanaojiona tayari wamekuwa wembamba na kuvipita vishawishi vya chakula bila shida, walipungua kidogo kuliko wale waliojiona wakihangaika njiani. Kutarajia kulisaidia, kuota kukazuia. Kutarajia kunatokana na mambo uliyokwisha kuyafanya: jana nilitembea, kwa hiyo kesho naweza. Kuota kunakupa raha ya mwisho wa safari kabla hujafunga kamba za viatu. Sasa fungua kundi lolote la mazoezi uhesabu: picha ngapi ni za mwili unaotamaniwa, na ujumbe ngapi ni wa mtu aliyesema leo atatoka saa ngapi.

Kwa Mtanzania aliyepita shule ya msingi au JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), mfano wa kundi lenye moyo upo tangu zamani: mchakamchaka, zile mbio za pamoja za kuimba. Kiongozi anaita, wengine wanaitikia, miguu inafuata wimbo. Ndani ya desturi ile kuna elimu ambayo wataalamu wa mazoezi huieleza kwa maneno mengine. Kipimo rahisi cha kasi ya wastani ni pumzi: unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba wimbo mpaka mwisho. Ukiweza kuimba beti zote, unakwenda polepole. Ukishindwa hata maneno matatu, umezidisha. Kuitikia neno moja au mawili kila hatua kadhaa kunawaweka watu katikati hapo, na anayelemewa husikika, kwa sababu sauti yake hukatika na kiongozi hupunguza mwendo. Klabu za jogingi za Temeke na Mbagala, Dar es Salaam, zinazopita alfajiri zikiimba zimeirithi hekima hiyo.

Kwenye simu wimbo haupo. Kinachobaki ni skrinshoti za programu za kukimbia: kilomita 10, dakika 52. Hazina ubaya, mwenye nazo amefanya kazi. Tatizo ni kwamba kundi la simu huonyesha mwendo wa aliye mbele, na pumzi ya aliye nyuma haisikiki. Mama wa kilo 95 aliyetembea dakika 12 mpaka kwenye kituo cha daladala na kurudi haoni pa kuiweka habari yake. Anaandika, anafuta. Kundi la simu linatakiwa litafute namna ya kusikia pumzi hiyo, na namna iliyo karibu ni kubadilisha kinachohesabiwa: hesabuni siku alizofanya mtu, mkiacha umbali, kasi na kilo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli siku mbili au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwongozo huo pia uliondoa sharti la zamani lililotaka kila kipindi kifike angalau dakika 10, na hii ni ruhusa kubwa ambayo makundi mengi hayajaitumia. Dakika 6 za ngazi za ofisini zinahesabika. Kwa hiyo kundi liwe na kima cha chini ambacho hata siku mbaya haiwezi kukishinda. Mimi napendekeza dakika 10 kwa siku, kwa vipande vyovyote. Aliyefanya 10 na aliyefanya 60 wote wamefanya, na siku yao inaandikwa.

Jumapili saa 2 usiku, admini anaweka kura. WhatsApp imekuwa na kura tangu mwaka 2022, na kazi hii inazifaa kuliko kuulizana nani aletewe fulana za rangi gani. Swali: "Wiki hii umefanya siku ngapi?" Majibu manne: siku 5 au zaidi; siku 3 au 4; siku 1 au 2; sikupata, naanza kesho. Hilo la nne msilisahau kabisa. Kura isiyo na nafasi ya aliyekosa humlazimisha adanganye au akae kimya, na ukimya ndio mlango wa kutokea. Akishabonyeza "naanza kesho", amesema mbele ya wenzake kwamba bado yumo. Kwa kuwa kura huonyesha majina, kundi liwe dogo: watu 8 hadi 12 wanaojuana walau kwa sauti. WhatsApp inaruhusu watu 1,024, lakini kundi la watu 300 ni uwanja wa matangazo. Kama mpo 300, gaweni vikundi vidogo kwa mtaa au kwa saa ya mazoezi: wa alfajiri peke yao, wa jioni peke yao, wa zamu za usiku, kama manesi na walinzi, peke yao.

Kingine kinachoua moyo ni zile chalenji za siku 21. Watu wameaminishwa kwamba siku 21 zinatosha kujenga mazoea. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, waliwafuatilia watu 96 wakijaribu kujenga tabia mpya. Wakipangwa kwa idadi ya siku, wa katikati alichukua siku 66, na makadirio yalianzia 18 yakafika 254. Tabia nyepesi kama kunywa maji iliwahi, mazoezi yalichelewa. Anayeambiwa 21, akifika siku ya 22 bado anasukumana na kitanda, anadhani ana kasoro. Mwambieni tangu mwanzo kwamba miezi miwili hadi mitatu ya kusukumana ni kawaida. Katika utafiti huohuo, kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Maneno hayo yaandikwe kwenye maelezo ya kundi, pale juu, yaonekane kabla ya kanuni nyingine yoyote. Hatari iko kwenye siku ya pili mfululizo, na hapo ndipo wenzake wanahitajika.

Asubuhi ya leo mtu hahitaji hamasa, anahitaji mpango wenye "ikiwa". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameandika sana juu ya jambo hili, na matumizi yake hayana gharama. Badala ya "wiki hii nitajitahidi", mwanakundi anaandika: "Ikiwa mvua itanyesha saa 12 asubuhi, nitaruka kamba barazani mara 100, nipumzike, nirudie mara tano." "Ikiwa mtoto ataamka usiku, nitatembea saa 7 mchana kutoka kazini mpaka kituo cha pili." "Ikiwa nitakaribishwa chakula msibani au harusini, nitakula sahani moja, sitaongeza." Kila mtu ataje kikwazo chake hasa, kile kilichomkwamisha wiki iliyopita. Jijini Dar es Salaam masika ya Machi hadi Mei huzima makundi mengi kwa sababu hakuna aliyeandika "ikiwa mvua" mwezi Februari. Mwezi wa Ramadhani vilevile, hasa kwa makundi ya pwani na visiwani: mwenye kufunga atembee taratibu dakika 20 hadi 30 zinazomalizika karibu na magharibi, maji yakiwa jirani, na mazoezi ya nguvu ayapeleke baada ya tarawehe. Kura ya Jumapili ishushwe mwezi huo, siku 3 ziwe ndiyo kiwango cha juu. Kundi lisiloshusha kiwango Ramadhani huwapoteza waliofunga, na huwa hawarudi baada ya Idi.

Kuna jambo la mila ambalo watu wa nje hawalijui. Kwetu "umenenepa" mara nyingi husemwa kwa furaha, na "umenawiri" ni heri kabisa. "Umekonda" huja na swali linalonong'onwa: unaumwa? Kumbukumbu ya miaka ambayo UKIMWI haukuwa na dawa bado iko kwenye ndimi zetu. Kwa hiyo mtu ambaye mazoezi yamemkubali hupigwa na maneno nyumbani wakati uleule anapofanya vizuri. Mashangazi wanamwonea huruma, jirani anamtazama shingo. Hata kundini, "umepungua jamani!" linaweza kumchoma kuliko kumfurahisha. Nadhani ni vyema kundi lijiwekee adabu ya kutosema neno lolote juu ya mwili wa mtu, hata la kusifu, isipokuwa mwenyewe ameanza. Sifuni alichokifanya: "umefika wiki ya sita bila kukosa siku mbili mfululizo." Na msaidiane jibu la kuwapa wa nyumbani, fupi na lenye heshima: "Shikamoo shangazi. Siumwi, ninatembea kila asubuhi. Twende wote kesho."

Moyo mzuri uwe pia na breki. "Usikate tamaa" ni neno la hatari likimfikia anayebanwa na kifua. Anayeanza atahisi misuli kuuma zaidi kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi, pande zote mbili, na hupungua akijongea polepole: hiyo si ya kuogopa. Lakini maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kuzimia, pumzi isiyotulia hata akipumzika, au kiungo kilichovimba upande mmoja, hapo wenzake wamwambie aache na aende hospitali, bila kumpa mfano wa fulani aliyevumilia. Zile chalenji za skwati (kuchuchumaa na kuinuka) mamia kwa siku moja zimebeba hatari nyingine: misuli ya mtu asiyezoea ikifanyishwa kazi kupita kiasi huvunjika na kumwaga protini yake kwenye damu, ikaziba figo. Dalili yake kubwa ni mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kola, pamoja na misuli kuvimba na kulegea. Huyo apelekwe siku hiyohiyo. Anayeanza skwati aanze na seti 2 za mara 8 hadi 10, siku mbili kwa wiki, aongeze mara 2 kila wiki. Mwenye kisukari anayetumia insulini, mwenye presha na mjamzito wazungumze na daktari wao kabla ya kufuata ratiba ya kundi, na admini asiwe daktari wao.

Juu ya wanaouza nitasema kidogo. Kundi ambalo kiongozi wake anauza chai, unga au vidonge haliwezi kumjibu ukweli yule wa kilo moja na nusu, kwa sababu hofu yake ndiyo soko. Chai nyingi za kukata tumbo zina majani ya sena, dawa ya kuharisha: mzani unashuka kwa maji na choo, mafuta yako palepale. Picha za kabla na baada nazo zifungwe. Mwanga, mkao na kuvuta tumbo vinatosha kutengeneza miezi mitatu ndani ya dakika kumi, na picha ikishatoka kwenye simu yako hujui italala simu ya nani.

Mwisho ni wale walionyamaza. Kundi zima likiuliza "fulani umepotelea wapi?" mbele ya watu, fulani anazidi kujificha. Mtu mmoja amfuate pembeni, ikiwezekana yule anayeishi naye jirani, siku ya kumi ya ukimya, asisubiri mwezi. Ujumbe uwe mfupi, usidai maelezo: "Habari za siku dada, umeadimika. Jumamosi saa 12 asubuhi napita barabara ya kwenu, nitatembea dakika 20 tu. Ukiwa na nafasi nikute getini." Akijibu kwamba ana mgonjwa au kazi imembana, jibu ni "pole, tupo", bila nukuu ya hamasa. Asipojibu, apumzishwe wiki mbili, aandikiwe mara moja tena, kisha aachwe. Lakini jina lake lisifutwe kundini. Kura ya Jumapili iendelee kumfikia, na lile jibu la nne liwepo kila wiki.